Dawa ya kupuliza puani: siku ya nne na pua bado imeziba

Mkazi wa Tabata
Wakuu, mtu mzima mwenye mafua ya aleji kaandikiwa fluticasone, mikrogramu 50 kwa mpulizo. Anapuliza mara mbili kila tundu asubuhi. Leo siku ya nne: pua imeziba, uchungu wa dawa anausikia kooni, tundu la kulia linatoa damu kidogo. Duka la dawa wanamwambia ahamie xylometazoline, inafungua palepale. Aache?

Mfamasia Kinondoni
Asihame. Fluticasone ni steroidi, inatuliza uvimbe polepole; nguvu yake kamili yaweza kuchukua hata wiki 2, na lazima apulize kila siku, hata pua ikiwa imefunguka.

Hiyo damu karibu kila mara ni mkono. Ukipuliza tundu la kulia kwa mkono wa kulia, ncha inalalia ukuta wa katikati ya pua. Dawa inapiga palepale kila siku mpaka pakauke na kuchubuka. Abadilishe: mkono wa kushoto tundu la kulia, wa kulia tundu la kushoto, ncha ielekee upande wa sikio. Nyama za pua zilizovimba ziko huko pembeni. Upande unaotoa damu aupumzishe siku mbili tatu. Ikitoka nyingi au isipokoma, hospitali.

Kuisikia kooni maana yake anainua kichwa na kuvuta kwa nguvu. Ainame kidogo kama anayetazama vidole vyake vya miguu, avute taratibu kama anayenusa kikuba, kisha atoe pumzi kwa mdomo. Chupa mpya aitikise, abonyeze hewani mara 6 hivi mpaka itoke kama ukungu. Tundu la ncha likiziba aioshe kwa maji ya vuguvugu. Asichokoe kwa pini, litapanuka na kipimo kitaharibika.

Xylometazoline isizidi siku 5. Ukiizoea, kila ikiisha nguvu pua inaziba vibaya kuliko mwanzo, na kuitoka ni kazi kweli.

Nesi wa Zamu
Naongezea: makamasi yakijaa, dawa inaishia juu yake. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye ml 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa, asafishe pua, asubiri dakika 10 ndipo apulize. Maji ya bomba au kisima bila kuchemsha, hapana.

Na hili tafadhali msilipite: anatumia ARV zenye ritonavir? Ritonavir inalizuia ini kuiondoa fluticasone, inajikusanya mwilini kama steroidi ya kumeza: uso unavimba, sukari inapanda, tezi za juu ya figo zinalala. Amweleze daktari, mara nyingi huhamishiwa beclomethasone, steroidi nyingine ya kupuliza puani.

Mkazi wa Tabata
Hatumii ARV. Mkono ni huohuo wa kulia pande zote. Chupa imeandikwa mipulizo 120, itamfikisha wapi?

Mfamasia Kinondoni
Minne kwa siku, siku 30. Baada ya hapo hata ikitoa ukungu asiiamini, kipimo hakijai. Pua ikitulia, daktari anaweza kumshusha hadi mmoja kila tundu.