Kumwaga oili ya gari nyumbani: nianzie wapi?

Ndugu zangu, naishi Raskazone, Tanga, na gari langu ni Toyota IST. Ningependa kumwaga oili ya injini mwenyewe uani, ila sijawahi kushika spana. Jambo gani niliogope zaidi?

Jibu la 1
Ogopa jeki. Kazi yake ni kuinua tu, kwa hiyo tafuta sakafu ngumu iliyo sawa, si mchanga wetu huu, zuia magurudumu ya nyuma, kisha kalisha gari juu ya stendi mbili kabla hujaingia uvunguni. Injini iwe vuguvugu, kwa kuwa oili ya moto sana itakuunguza na ya baridi hutoka kwa kusuasua. Nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hufunguliwa kwa spana namba 14.

Jibu la 2
Nakubaliana naye, ila wanaoanza huponzwa zaidi na filta ya oili, ile inayochuja uchafu. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umegandia kwenye injini, maana mipira miwili ikikutana, oili itavuja yote gari likiwashwa. Mpira mpya upake oili kidogo, ukaze kwa mkono. Injini hiyo huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Usimimine galoni zima la lita 4 kwa sababu tu umelinunua.

Jibu la 3
Oili chafu irudishe kwenye galoni, usiimwage mtaroni. Na ukiwa huko chini, kagua kutu, kwani upepo wa chumvi wa Raskazone hauna huruma na bodi.