NS-10M au LS3/5A: zipi zikae na NAD 3020?

Mwanamwanga (Kigoma): Wakuu, naomba ushauri. Marehemu baba aliniachia spika za Yamaha NS-10M. Baba mdogo amerudi kutoka Uingereza na spika za LS3/5A za omu 15 (kipimo cha ukinzani wa umeme), ananiuzia. Amplifaya ninayo, NAD 3020, ila chaneli ya kushoto inakatika-katika. Kuna jamaa pia anauza Pioneer ya wati 60 iliyotoka Japani. Chumba ni mita 4 kwa 3 na nusu, sakafu ya saruji. Nasikiliza santuri za Tabora Jazz na rumba ya Franco. Nibaki na zipi?

FundiUjiji: Mkuu, anza na desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, wati baadaye. NS-10M inatoa desibeli 90 kwa wati 1, LS3/5A kama 83. Tofauti ya 7 maana yake NS-10M ikila wati 4, LS3/5A inataka 20 kufikia sauti ileile. Na NAD yako ni wati 20 kwenye omu 8. Kwenye omu 15 inabaki karibu nusu. Mimi ningebaki na za mzee.

Hiyo Pioneer uliza kwanza umeme wake. Za soko la ndani la Japani ni volti 100. Ukichomeka kwenye 230 zetu imeungua hapo hapo. Nimeletewa nyingi zikiwa zimeshakufa, inauma sana.

BintiIsevya (Tabora): Fundi, hesabu yako sawa, lakini kaka kasema chumba kidogo. LS3/5A BBC waliibuni kwa ajili ya kusikilizia karibu, hata ndani ya magari ya matangazo. Ukikaa mita 2, wati 10 zinatosha kabisa, na mwimbaji unamsikia kama amesimama mbele yako. NS-10M twita yake, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ni kali. Mafundi wa studio walikuwa wanaifunika kwa karatasi ya chooni! Santuri zenye mikwaruzo zitakuchosha. Ila kama kuna siku za sherehe, LS3/5A usiziguse, uwezo wake ni wati 25 tu.

FundiUjiji: Ukali unapungua akitandika mkeka mzito na kuweka pazia, dada. Saruji tupu ndiyo inayopiga kelele. Na NS-10M azisogeze karibu na ukuta, besi yake ni nyembamba.

MzeeWaSanturi: Mwanangu, hiyo chaneli ya kushoto isikutishe. Nyuma ya NAD 3020 kuna vipini vya chuma vilivyopinda kama U, vinaunganisha sehemu mbili za amplifaya. Vikishika kutu, sauti inakatika. Zima, vichomoe, visugue, virudishe. Pia ni mashine ya mwaka 1978, kapasita zake (vipuri vya kutunza umeme) zimezeeka. Kabla ya kuunga spika yoyote, pima kwa mita umeme wa DC (wa mkondo mnyoofu, kama wa betri) pale zinapoungwa. Ukizidi milivolti 50, mpe fundi. Na nunua stabilaiza.

Mwanamwanga: Shikamoo mzee. Nimesugua vipini, kushoto kumerudi! Mita inaonyesha milivolti 18. Pioneer nimeiacha. Baba mdogo amekubali niazime LS3/5A wiki 2, nikae nazo mita 2 kama alivyosema dada. Za baba siziuzi hata hivyo, zitahamia sebuleni.

BintiIsevya: Anza na santuri yenye sauti nyingi za kuitikiana, kaka. Hapo ndipo utasikia tofauti.