OCS (mkuu wa kituo cha polisi) amekataa kugonga muhuri notisi yetu ya maandamano, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mkazi wa mji mmoja hapa Kenya. Bustani yetu ya umma itafungwa siku 9 kwa sherehe ya jeshi: gwaride, magari ya deraya, mahema ya wageni. Mwaka jana nyasi ziligeuka matope matupu, na akina mama wa mahindi choma wakafukuzwa. Hatulichukii jeshi (kaka yangu ni mwanajeshi, na tayari amenuna). Tunataka tu sherehe ihamie uwanja wa michezo.

Tumepanga kuandamana kwa amani, kama Kifungu cha 37 cha Katiba kinavyoturuhusu. Sheria ya Utaratibu wa Umma inataka polisi wapewe notisi siku 3 hadi 14 kabla. Sisi tuliipeleka zikiwa zimebaki siku 8, ikiwa na jina la mwandalizi, saa na njia. OCS aliisoma, akakataa kugonga muhuri, akasema tulete kibali. Kibali gani, na sheria inataja notisi tu? Barua yetu kwa kaunti nayo haijajibiwa.

Je, notisi isiyo na muhuri inahesabika tukiwa na shahidi na nakala? Na tukisimama tu na mabango nje ya uzio wa bustani, bila kutembea, bado tunahitaji notisi?