Nimetafsiri "fog" kuwa ukungu, mama akaogopa

Binti_Isyonje
Wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Nawaandikia toka Isyonje, kwenye viazi na baridi. Nimeombwa nitafsiri kipeperushi cha Kiingereza kwa kikundi chetu cha akina mama, kinahusu hali zinazoweza kumbakia mtu baada ya kupona UVIKO-19. Penye "brain fog" nikaweka "ukungu wa ubongo". Shuleni tulifundishwa fog ni ukungu, basi.

Jana jioni nikamsomea mama. Alinyamaza, kisha akaniuliza taratibu: "Kwa hiyo ubongo wangu umeota ukungu?" Mama aliugua 2021, na tangu hapo anaingia jikoni anasahau alichofuata. Kwake ukungu ni ule unaoota kwenye mkate, na ule unaounguza majani ya viazi mvua zikizidi, tunaoupigia dawa kila msimu. Alidhani kichwa chake kinaoza. Iliniuma sana. Niandikeje?

Mwalimu_Mstaafu_Tukuyu
Marahaba binti. Hukukosea, ni neno letu limebeba mizigo miwili. Mwingereza ukungu wa mkate anauita mould, hauchanganyi kabisa na fog. Tena hata ule wa hewani anaugawa: wataalamu wa hali ya hewa husema fog pale ambapo huoni kufika kilomita 1, ukiona zaidi ya hapo ni mist.

Sasa sitiari yake. Aliye ndani ya fog haoni njia, lakini njia ipo palepale, haijaharibika. Mwambie mama hivyo. Ndivyo alivyolitumia Clausewitz, mwanajeshi wa Prussia, katika kitabu kilichotoka 1832: alisema mambo mengi ya vitani yamefunikwa na ukungu, jemadari anaamua bila kuona vizuri. London wanalijua neno hili kwa uchungu. Desemba 1952 ukungu ulichanganyika na moshi wa makaa ya mawe, ukakaa siku 5, ukaua maelfu ya watu. Mchanganyiko huo wanauita smog, yaani smoke na fog zimeunganishwa.

Hata majirani zetu Malawi, nkhungu ni ukungu na ni wale wadudu wadogo wanaoinuka Ziwa Nyasa kama moshi. Mimi ningeandika "utusitusi wa mawazo".

Dereva_wa_Fuso
Mwalimu, heshima yako, ila utusitusi sijawahi kumsikia mtu akilisema. Sisi tukipakia viazi hapo Isyonje alfajiri, anayetangulia anampigia wa nyuma: "Kumefunga." Imeisha, kila mtu kaelewa. Unashusha taa, maana ukiwasha full mwanga unakurudia usoni, unaona weupe mtupu. Unakwenda pole. Jua likipanda, kunafunguka.

Nesi_Makambako
Dada, jina lolote utakaloweka, eleza dalili chini yake: kusahau neno lililo mdomoni, kushindwa kufuata mazungumzo, kuchoka kwa kufikiri kidogo tu. Na mama mpeleke apimwe. Usahaulifu una sababu nyingi, zikiwemo upungufu wa damu na sukari, msiuachie UVIKO-19 wote.

Binti_Isyonje
Asanteni sana. Nimemwambia kwanza lile la njia kuwepo palepale, akashusha pumzi. Utusitusi akasema ni neno zuri ila yeye halijui. Nilipotaja la dereva akadakia kabla sijamaliza: "Ee! Kichwa kinafunga. Halafu saa nne hivi kinafunguka, kama hapa kwetu."

Kwa hiyo "ukungu wa ubongo" nimeufuta. Nimeandika: "Kichwa kufunga: unasahau neno lililo mdomoni, unapoteza mazungumzo katikati, unachoka kufikiri. Kichwa hakijaoza." Hiyo sentensi ya mwisho kwenye Kiingereza haimo, lakini naiacha. Alhamisi nawasomea akina mama, na Ijumaa tunakwenda zahanati na mama.