Tupeane uzoefu: mliohamia nyumba za miaka ya 50, mnaishi nazo vipi?

Habari zenu wapendwa. Sisi tuko Jinja toka mwezi wa pili, mimi na mama watoto na watoto wanne, nyumba ya Wahindi, juu ya mlango wamechora 1954 kwa sementi, yaani mwaka uleule Malkia alikuja kuzindua bwawa la Owen Falls. Mama watoto alitaka tailizi haraka maana sakafu ilikuwa nyekundu imechakaa, nikamwambia subiri kwanza, siku moja mtoto akamwaga mafuta ya taa nikawa nasugua, rangi ikatoka, chini yake teraso ya kijani yenye vijiwe vyeupe inang'aa kama sahani! Wiki mbili tumepiga magoti na msasa. Shida sasa umeme, soketi bado zile za matundu ya duara, na fundi alipovuta waya mmoja ganda likampukutikia mkononi kama maganda ya njugu. Nyie yamewakuta yapi?

Entebbe hapa. Sisi ni popo darini. Tukaziba matundu mchana tukajipongeza, kumbe wamo ndani wote. Harufu ya siku ya nne siwezi kuwaelezea, mama mkwe alikatisha ziara (hapo sikulalamika 😂). Ziba usiku wakishatoka, na kama wana watoto ngojeni kwanza.

Tororo, kwota za reli. Saa nane mchana jua linawaka lakini ndani baridi, kuta nene, dari huko juu kabisa, hizi nyumba za siku hizi sizitaki. Ila paa ni asbesto, fundi akaja na msumeno apitishe bomba, nikamfukuza. Vumbi lake linakula mapafu polepole, msikate msitoboe.

Jinja pia. Mwenye mada, teraso sawa, lakini HATI umeangalia? Nyumba nyingi za hivyo wenyewe walifukuzwa na Amin 1972 zikaingia mikononi mwa Custodian Board, ile bodi ya serikali ya kushika mali za Wahindi waliofukuzwa, halafu sheria ya 1982 ikawapa njia ya kudai warudishiwe. Marehemu baba alilipa kodi miaka sita kwa mtu ambaye wala hakuwa mwenye nyumba, mwenyewe akatokea na makaratasi yake, tukalala barazani kwa jirani siku mbili na magodoro yetu.

Mzee asante, mwenye nyumba tunaye, mjukuu wao. Alipokuja kuchukua kodi alivua viatu akasimama pale kwenye teraso kimya, halafu akauliza ule mwembe wa nyuma ulikatwa lini.