Tofu inamteleza mkononi mtoto wa miezi 7: niikateje, niipikeje?

MamaKifunguamimba

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kukaa mezani na mtoto mdogo akamlisha tofu (ile inayotengenezwa kwa maziwa ya soya) kwa mkono wake.

Mwanangu wa kiume ana miezi 7. Alianza kula alipotimiza miezi 6. Anakaa vizuri, shingo imekaza, na chakula anakitaka kweli: akiona kijiko kinakuja anafungua mdomo kabla hakijamfikia. Bado ananyonya. Nyumbani kwetu nyama hatuli, na kliniki walinisisitizia sana madini ya chuma, ndiyo maana nataka tofu aizoee mapema.

Siku ya kwanza nilichukua ile laini inayotikisika ukigusa sahani. Nikakata vipande vya mraba, nikamwekea mbele. Kila alichoshika kilimponyoka. Alikikamata kwa kiganja chote, akakibana, kikatokea katikati ya vidole kama uji. Akalia kwa hasira, maana anakiona na hakipati. Siku ya pili nikachukua ile ngumu, nikaikaanga kwenye mafuta mengi hadi ikabadilika rangi. Hii aliweza kuishika, lakini ganda la nje lilikuwa gumu kama ngozi. Akang'oa kipande kwa fizi, kikamkaa nyuma ya ulimi, akakakamaa, macho yakajaa machozi, akakohoa, kisha akakitema. Mikono yangu ilitetemeka muda mrefu baada ya hapo.

Kwa hiyo nauliza: niikateje, niipikeje? Na jambo la pili, mama mkwe wangu anasema soya ina homoni za kike na haimfai mtoto wa kiume. Sitaki kumjibu kwa dharau, anampenda mjukuu wake. Nataka jibu la kweli la kumpa.

MpishiWaWawili

Dada, pole sana kwa huo mshtuko. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine miezi 15, na wote wamekula tofu tangu miezi 6 na siku kadhaa. Hayo yaliyokupata yote mawili yamenipata.

Anza na umbo, maana tatizo lako kubwa liko hapo. Mtoto wa miezi 7 hajajua kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada. Yeye anafumbata. Ukimpa kipande cha mraba, chote kinazama ndani ya ngumi, na hajajua bado kuifungua ngumi ikiwa mbele ya mdomo. Mkatie kipande kirefu kama kidole chako cha kati, unene wa vidole viwili vilivyobanana. Nusu ya chini inakaa ndani ya ngumi, nusu ya juu inachomoza, na hiyo inayochomoza ndiyo anayokula. Iliyobaki kiganjani usihangaike nayo. Ataiangusha, wewe mpe kipande kingine.

Chukua tofu ngumu. Mwaga maji yake, ifunge kwa taulo safi la jikoni, weka sahani nzito juu yake kwa dakika 15. Usizidishe kuikamua, kwa sababu ikikauka mno inakuwa kama mpira, na kwa asiye na meno huo ndio ugumu unaomsumbua. Kisha ikate, ipike kwa mvuke au ichemshe taratibu dakika 5. Mafuta mengi achana nayo kwa sasa. Ganda ulilolitengeneza kwa kukaanga ndilo lililomkaa kwenye ulimi.

Kujua kama imelainika vya kutosha, onja mwenyewe: weka kipande kati ya ulimi wako na paa la kinywa, ubonyeze bila kutumia meno. Kikisambaratika, kinamfaa. Kikikataa, kirudishe kwenye mvuke. Mimi hufanya hivi kila pakiti mpya, kwa sababu tofu mbili zilizoandikwa "ngumu" zinaweza kutofautiana sana.

Kuhusu kuteleza: saga oti ziwe unga, viringisha vipande humo vikiwa bado na unyevunyevu. Unga unashika, na kiganja cha mtoto kinashika unga. Usianze na unga wa karanga au ufuta kama hujamjaribisha vitu hivyo peke yake, maana navyo huleta mzio.

Ile laini usiitupe. Iponde kwa uma pamoja na parachichi au boga lililoiva, jaza kijiko kifupi, mkabidhi ajilishe. Wa kwangu mdogo alipenda zaidi hivyo hadi alipofika miezi 9. Ilipofika hapo akaanza kudonoa, ndipo nikapunguza vipande vikawa vidogo vidogo, ukubwa wa punje ya njegere na vya kubonyezeka.

Chumvi usitie, na sosi ya soya pia usitie. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 chumvi yake ya siku nzima haitakiwi kufika gramu 1, na kijiko kimoja cha chai cha sosi ya soya kinakula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Tofu zilizokwishakolezwa viungo kiwandani nazo ziache, na asali usipakae kabisa kabla ya mwaka 1.

Sasa madini ya chuma. Nakuomba usiiachie tofu kazi yote. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takribani miligramu 11 kwa siku kwa viwango vya Marekani. Gramu 100 za tofu ngumu zina miligramu 2 hadi 3 hivi, na mwanao kwa mlo mmoja atakula labda gramu 20 au 30, nyingine iko sakafuni. Kwa hiyo changanya na dengu, maharage yaliyopondwa, na uji wa nafaka ulioongezwa chuma. Na katika mlo huohuo, si saa mbili baadaye, kiwepo chakula chenye vitamini C: vipande vya chungwa lililotolewa ngozi na mbegu, embe, nyanya iliyopikwa, brokoli. Chuma kinachotoka kwenye mimea mwili unakipokea kwa shida, na vitamini C ndiyo inayokifungulia njia. Mimi huwa namsagia nyanya, namwagia juu ya tofu.

Soma pia maandishi ya pakiti. Tofu ambayo maziwa yake ya soya yalishikamanishwa kwa kalsiamu salfeti inampa mtoto kalsiamu nyingi kuliko iliyoshikamanishwa kwa magnesi kloridi pekee. Kwa mtoto wa nyumba isiyokula nyama mimi naona inafaa kuichagua hiyo ya kwanza.

Kwa mama mkwe mwambie hivi, kwa heshima: ni kweli soya ina vitu vinavyoitwa isoflavoni, na umbo lake linafanana na homoni ya kike ya estrojeni. Lakini kufanana si kuwa sawa, nguvu yake mwilini ni ndogo sana, na tofu inayoliwa kama chakula, mara chache kwa wiki pamoja na vyakula vingine, haijaonekana kuwadhuru watoto wa kiume wala wa kike. Yuko sahihi kwa jambo moja karibu na hilo: maziwa ya soya ya kawaida ya kunywa hayachukui nafasi ya maziwa ya mama au ya kopo kabla ya mwaka 1. Nina hakika atafurahi akisikia kuna sehemu unakubaliana naye.

Na ule mkakamao: alikohoa, alitoa sauti, alitema. Hiyo ni koo linajilinda. Cha kuogopwa ni mtoto kunyamaza ghafla, hakohoi, halii, rangi inabadilika. Hapo ni kumlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, kumpiga mgongoni kati ya mabega mara 5, kisha kumgeuza na kumbonyeza katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5, ukirudia huku mwingine anaita msaada. Tafuta mafunzo ufundishwe kwa vitendo. Mimi nilipofundishwa, mikono iliacha kutetemeka.

BabaWaMapacha

Naongeza jambo moja kwa sababu lilitupata. Soya imo katika vyakula vinavyoleta mzio kwa watoto wadogo, pamoja na mayai, maziwa ya ng'ombe, ngano na karanga. Sisemi usimpe. Nasema mpe asubuhi au mchana, kidogo, siku ambayo hana mafua wala homa, na siku hiyo pasiwe na chakula kingine kipya.

Watu wengi wanajua ule mzio wa haraka: vipele vinavyovimba, midomo au macho kuvimba, kutapika, kupumua kwa shida, ndani ya dakika chache hadi saa 2. Upo mwingine wa kuchelewa ambao sisi hatukuujua. Mmoja wa mapacha wangu alikula vijiko viwili vya tofu saa 6 mchana, akacheka, akalala. Saa 8 akaamka akatapika. Akatapika tena na tena hadi hakikubaki kitu, akawa amepauka, mwili umelegea kama kitambaa kilichoroweshwa. Hakuna kipele hata kimoja. Tulipomfikisha kwa daktari wa kwanza tuliambiwa ni tumbo la kawaida, tukarudi nyumbani. Wiki 2 baadaye tukampa tena, yakarudi yaleyale. Ndipo daktari mwingine akatuuliza alikula nini na saa ngapi, akaunganisha.

Kwa hiyo andika saa. Saa aliyokula, saa aliyotapika. Karatasi ile ndiyo iliyotusaidia. Pacha mwenzake anakula tofu hadi leo bila shida yoyote. Na ikiwa mtoto alishagundulika na mzio wa maziwa ya ng'ombe, uliza daktari kwanza, kwa sababu baadhi yao soya nayo inawakataa.

MamaWaVidongeVyaAsubuhi

Kwa mama mwingine atakayesoma hapa: kama mtoto wako alizaliwa na tezi dundumio (tezi ya shingoni inayotoa homoni) isiyofanya kazi na anatumia levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni hiyo, soya inaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Wangu anakula tofu, ila dawa anapewa alfajiri, tofu ni ya jioni, na daktari anajua. Kilichomsumbua ni wiki tuliyompa tofu kila siku baada ya mwezi mzima bila tofu. Vipimo viliyumba. Sasa kiasi chetu hakibadilikibadiliki.

MamaKifunguamimba

Asanteni kutoka moyoni. Baba wa mapacha, pole kwa mliyopitia. Nimebandika karatasi ya saa kwenye mlango wa friji.

Dada Mpishi, iliyobaki kwenye pakiti naihifadhije? Mtoto anakula vipande viwili tu. Na je, naweza kuigandisha kwenye friza?

MpishiWaWawili

Izamishe kwenye maji safi ndani ya chombo chenye mfuniko, iweke kwenye friji, badilisha maji kila siku. Siku 3 hadi 5 inatosha. Ikianza kuwa na utelezi wa kamasi au harufu chachu, itupe, usijaribu kuiokoa kwa kuichemsha. Alichokwisha kugusa na kutia mate hakirudi kwenye chombo.

Kuigandisha inawezekana, ila si kwa huyu wako wa sasa. Tofu ikiganda, maji ya ndani yanageuka barafu na kutoboa vijitundu. Ukiiyeyusha inakuwa kama sifongo, unaikamua kwa mkono, na inatafunika kwa nguvu zaidi. Huyu wangu wa miaka 4 anaipenda hivyo hivyo, imekatwa nyembamba na kupikwa kwenye mchuzi wa nyanya, kwa sababu sifongo linanyonya mchuzi wote. Lakini yeye ana magego. Kwa mdogo wa miezi 15 naivuruga kwa vidole iwe chenga kama mayai ya kuvuruga, naichanganya na wali. Wako msubirie.

Na akiikataa usikate tamaa. Mkubwa wangu aliitema karibu kila siku kwa wiki 3. Niliendelea kuweka kipande kimoja tu pembeni ya sahani, bila kumsemesha. Siku moja akakichukua.

MamaKifunguamimba

Narudi na habari. Nilipika kwa mvuke, nikaonja kwa ulimi na paa la kinywa kama ulivyosema, pakiti hii ilihitaji dakika 8. Nikaviringisha kwenye unga wa oti. Nilimpa saa 4 asubuhi, nikakaa naye hadi saa 8 mchana, hakupata shida yoyote. Jana nikarudia, salama.

Alikishika kwa ngumi yote, kile cha juu kikachomoza, akakitazama kwanza, akakipeleka mdomoni. Alikata kwa fizi kipande kidogo, akakizungusha, nikaona koo linapanda na kushuka. Akacheka, unga umemjaa kwenye nyusi.

Mama mkwe nilimweleza habari ya isoflavoni na ile ya maziwa ya kunywa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, basi leo nakata mimi. Amekata virefu vilivyonyooka kuliko vyangu.

Nina swali moja dogo. Chembe zinaingia kwenye mikunjo ya shingo, jioni nilikuta pamekuwa pekundu na pananukia uchachu.

MpishiWaWawili

Alhamdulillahi, nimefurahi sana! Shingo ifute mara tu akimaliza kula, kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha pakaushe kabisa kwa kupapasa bila kusugua. Inua kidevu taratibu uufungue mkunjo wa chini, huo ndio unaosahaulika. Angalia na mkunjo wa kidole gumba na nyuma ya masikio. Wekundu usipopungua kwa siku 2, mwonyeshe daktari.