Huyu "Papa wa mwisho" wenu, mbolea yangu nani atailipa?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, nina kiduka cha pembejeo hapa Mwanjelwa, na leo nimefunga saa kumi kwa hasira tu, maana ningeendelea kukaa kaunta ningemtukana mteja asiye na hatia. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Na mods, tafadhali msinihamishie jukwaa la dini. Hili ni suala la deni, lililokwama kwa sababu ya hizo klipu mnazosambaza kwamba Papa Leo XIV ndiye wa mwisho na dunia inafungwa.

Desemba 2024 mwenzangu mmoja wa jumuiya alikuja dukani. Msije mkadhani ni mlokole wa barabarani mwenye spika. Ni Mkatoliki kama mimi, anaimba besi kwaya, misa ya kwanza hakosi. Alichukua kwa mali kauli mifuko mitatu ya kupandia, miwili ya kukuzia, na dawa ya viwavijeshi. Jumla 340,000. Makubaliano: akivuna mahindi yake kule Inyala, analeta. Akasaini mwenyewe kwenye kaunta buku.

Juu ya kichwa chake wakati anasaini kulikuwa na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu, rangi nyekundu: LEO TASLIMU, KESHO MKOPO. Kikumbukeni hicho kibao.

Ikaja Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, Baba Mtakatifu Fransisko akafariki. Mwili haujapoa, kijiwe cha bodaboda mbele ya duka langu kimeshageuka chuo cha unabii. Huyu ana klipu, yule ana orodha, mwingine ana picha ya radi ikipiga kanisa la Mtakatifu Petro. Radi yenyewe ilikuwa ya 2013, siku Benedikto XVI alipotangaza kung'atuka, lakini ukimwambia anakuangalia kama wewe ndiye umeipiga. Dogo mmoja akatoa kalamu akatufundisha kwamba ukiandika cheo cha Papa, Vicarius Filii Dei (Wakili wa Mwana wa Mungu), ukajumlisha herufi zilizo namba za Kirumi, unapata 666. Ni kweli unapata. Tatizo cheo rasmi cha Papa ni Wakili wa Kristo, hayo maneno mengine hayamo hata kwenye orodha ya vyeo vyake. Nikachukua kalamu ileile nikajumlisha ILEMI, kata anayoishi huyo dogo. Ikaja 1052. Nikamwambia afadhali ya Roma, kwenu mmeshapitiliza.

Mnaona, na mimi nilikuwa nacheka. Hapo ndipo nilipojichimbia.

Tarehe 7 Mei makardinali 133 wakajifungia kuchagua Papa mpya, akiwemo wetu, Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora. Nusu ya kijiwe ikawa inampigania kama ni mechi ya ligi. Kesho yake jioni moshi mweupe. Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, aliyefanya kazi miaka mingi Peru, amechagua jina la Leo XIV. Na mimi kiherehere, kwenye grupu la jumuiya, nikaandika:

"Leo ni Leo, asemaye kesho ni mwongo."

Watu walicheka! Katekista mwenyewe akaweka vile vikatuni vya machozi vitano. Nikalala nikijiona msanii.

Juni nikampigia mdaiwa wangu. Mahindi yameshatoka shambani, nimeyaona kwa macho. Akanijibu kwa ile sauti yake ya besi: "Kaka, Leo ni Leo. Kesho haipo tena. Si umeandika mwenyewe?" Nikacheka. Julai, na baridi yetu mnaijua, nikamfuata hadi kwake nimevaa makoti mawili. Nikapewa chai na maparachichi, nikaambiwa "Leo yuko Roma, mdai huko". Nikacheka kidogo. Agosti sikucheka tena. Na yeye, alipoona sicheki, akaacha utani akaingia kwenye mafundisho. Ndiyo, wakuu. Mtu alinikalisha kwenye kigoda chake akanisomea unabii wa Mtakatifu Malaki kutoka kwenye simu iliyopasuka kioo, kwamba orodha ya mapapa imeisha, haya mambo ya kulipana ni ya dunia inayopita.

Basi nikarudi nyumbani nikausoma huo unabii. Nilisoma usiku mbili mfululizo, kwa ubishi.

Huyo Malaki si yule wa Agano la Kale. Ni askofu mkuu wa Armagh, Ireland, aliyefariki 1148. Anasemekana aliandika vijisentensi 112 vya Kilatini, kila kimoja cha papa mmoja, kuanzia Selestini II aliyechaguliwa 1143. Sasa sikiliza. Hayo maandishi yalionekana kwa mara ya kwanza 1595, kwenye kitabu cha mmonaki mmoja Mbenediktini, Arnold Wion, kilichochapwa Venezia. Miaka zaidi ya mia nne na arobaini yalikuwa wapi? Mtakatifu Bernardo alikuwa rafiki yake Malaki, Malaki alifia kwake Clairvaux, Bernardo akaandika maisha yake yote na miujiza yake. Kuhusu orodha ya mapapa, kimya. Rafiki yako anakutabiria mapapa 112 halafu unasahau kuandika?

Na hapa mimi kama muuza duka ndipo nilipomshika mtu. Mnajua daftari la madeni la kweli lilivyo. Limechakaa, wino tofauti tofauti, hapa pamefutwa, pale pana alama ya kikombe cha chai. Mtu akikuletea daftari ambalo kurasa zote za nyuma zimenyooka, halijakosea hata senti, halafu kuanzia jana kwenda mbele kila kitu ni "takriban", wewe unajua: limeandikwa jana. Orodha ya Malaki ndiyo hiyo. Mpaka karibu na 1590 inapiga palepale. Selestini II ameandikiwa "kutoka ngome ya Tiber", na kweli kwao ni Città di Castello, kando ya mto Tiber. Baada ya 1590 inakuwa ramli. "Dini iliyopungukiwa watu". "Imani isiyotishika". Hayo umpe papa gani yasimkae? Hata paroko wetu yanamkaa.

Wanaodadisi wanasema iliandikwa kwa ajili ya uchaguzi wa 1590, kumpigia debe Kardinali Simoncelli wa Orvieto. Kijisentensi cha zamu hiyo kinasema "kutoka ukale wa mji", na Orvieto kwa Kilatini ni "mji mkongwe". Yaani ilikuwa kampeni! Na hata kampeni yenyewe ilifeli, akachaguliwa mwingine, Gregori XIV. Deni langu la 340,000 limekwama kwa sababu ya kipeperushi cha mgombea aliyeshindwa miaka zaidi ya 400 iliyopita. Nikifikiria hilo natamani kulia.

Haki yake nampa sehemu moja. Yohane Paulo II ameandikiwa "kazi ya jua", au kupatwa kwa jua, na kweli jua lilipatwa siku aliyozaliwa, 18 Mei 1920, likapatwa tena siku aliyozikwa, 8 Aprili 2005. Hapo hata mimi nilinyamaza kidogo. Huyo Papa mama yangu alimfuata Songea kwenye lori, 1990, akarudi na mafua na furaha ya miaka kumi, kwa hiyo kila kinachomhusu kinanigusa. Lakini mbele yake kidogo wanaharibu tena. Benedikto XVI ni "utukufu wa mzeituni". Ratzinger, ndilo jina lake kabla ya upapa, hakuwa mmonaki wala hakulima mizeituni, ikabidi watu wakumbuke kwamba Wabenediktini wana tawi linaloitwa Waoliveto, jina la mizeituni, basi wakafunga mahesabu.

Wa mwisho kabisa kwenye orodha, baada ya Benedikto, ni Petro Mroma. Atachunga kondoo katika taabu nyingi, kisha mji wa vilima saba, yaani Roma, utaangamizwa na Hakimu atakuja. Kwa hesabu yao wenyewe huyo alikuwa Fransisko. Akatoka Argentina, jina Jorge. Mnajua walivyochomoka? Eti Fransisko wa Asizi baba yake aliitwa Pietro, kwa hiyo ni Petro. Haya, tukakubali. Akachunga miaka kumi na miwili, akafariki, akazikwa Santa Maria Maggiore, na kesho yake asubuhi mimi nilifungua duka saa moja na nusu kama kawaida na wa kwanza kuingia alitaka pampu ya dawa.

Kwa hiyo Leo XIV hayumo! Ni wa nje ya orodha! Hata ukiuamini unabii mzima, herufi kwa herufi, umeshapita, na deni limebaki. Nilimwandikia hivyo mdaiwa wangu, ujumbe mrefu, na Warumi 13:8 chini yake: "Msiwiwe na mtu cho chote." Akanijibu na kidole gumba.

Nikasema basi, labda mwenzangu kweli amepatwa na hofu ya kiyama, nimwachie Mungu. Nilishaanza hata kumwonea huruma.

Sasa njooni kwenye jambo la leo.

Saa nane mchana nimesimama mlangoni, kamvua kananyunya. Ikapita kirikuu polepole, kwa sababu ya matope na bajaji zilizobanana pale kona. Nyuma imefungwa turubai la bluu, lakini turubai fupi, upande mmoja unaona vizuri. Mifuko sita. Mitatu ya kupandia, nimeihesabu kwa rangi ya maandishi. Juu ya mifuko ameketi nani? Besi! Amevaa koti la mvua, mguu mmoja ameukanyagia kwenye katoni ya mbegu ya mahindi ya siku mia na ishirini. SIKU MIA NA ISHIRINI, wakuu. Na mbolea hiyo imetoka duka la jirani yangu mtaa wa pili, ambaye hakopeshi hata mamaye, maana yake alilipa taslimu.

Akaniona. Hakujificha. Akanipungia mkono, akapaza sauti juu ya injini: "Kaka! Leo ni taslimu!"

Kijiwe kizima kilicheka. Yule dogo wa 1052 alilala juu ya pikipiki yake kwa kucheka.

Papa mwenyewe, huyo anayeitwa wa mwisho, mwishoni mwa Novemba 2025 alikuwa Uturuki na Lebanoni, kwenye kumbukumbu ya miaka 1700 ya Mtaguso wa Nisea, ule mkutano mkuu wa maaskofu. Mtu anayejua dunia inafungwa hafungi safari ya kukumbuka mambo ya mwaka 325. Na anayejua dunia inafungwa hapandi mahindi Inyala.

Naomba ushauri wa wale mliowahi kumdai mtu mnayesali naye. Nimfikishe kwa mwenyekiti wa mtaa? Nilipeleke jumuiya, Jumamosi tunasali kwake? Paroko nimeogopa, maana ataomba kuona huo ujumbe wa "Leo ni Leo" na nimeuandika mimi. Katekista hawezi kusaidia, alicheka.

Na nyie mnaosambaza hizo klipu, mkijua ni utani, mtaje mnadaiwa shilingi ngapi.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Ametuma 20,000 kwenye simu. Ameandika "punguza, nyingine Papa ajaye". Nimeingiza kwenye daftari. Zimebaki 320,000.